Paka Wangu na Elimu ya Hila

Wenzangu niliostaafu nao walichagua kazi za maana. Mmoja anafuga kuku wa mayai, mwingine amefungua duka la madaftari, na wa tatu ni mzee wa baraza katika kata yake. Mimi, niliyeongoza shule za msingi kwa zaidi ya miaka 20, nilitumia sehemu kubwa ya masika ya mwaka jana kumtengenezea paka mchezo. Jirani yangu aliponikuta barazani nimezungukwa na misumari, vizibo vya soda na redio kaseti iliyofumuliwa, aliniuliza, "Mwalimu, hiyo ni zana ya kufundishia somo gani?" Nikamjibu kuwa ni ya kumfundishia paka. Alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. Sikumlaumu. Lakini namwomba msomaji asiniache njiani, maana mchezo ule ulinirudisha katika somo la historia nililolifundisha miaka mingi bila kulielewa, na ukanikumbusha deni ambalo sijalilipa hadi leo.

Paka mwenyewe anaitwa Chausiku, kwa kuwa mjukuu wangu alimwokota usiku karibu na soko, wakati huo akitosha katika kiganja cha mkono. Alikua akawa paka wa kwangu na wa mtaa mzima: mchana alilala chini ya kiti changu, usiku alikuwa na shughuli zake juu ya mapaa ya mji wa Tanga. Siku moja mwezi wa tatu bodaboda ilimgonga mguu wa nyuma. Bwana mifugo, ambaye kazi yake hasa ni ng'ombe na mbuzi, alikuja kwa hisani tu. Aliufunga mguu, akaagiza paka asitoke nje kwa wiki sita. Alipokuja kuufungua alitoa agizo la pili: "Sasa mchezeshe, mwalimu. Mguu huu usipofanya kazi utakakamaa."

Agizo lilikuwa jema, ila aliyeagizwa alikuwa na kasoro. Goti langu la kulia halikunji vizuri tangu lilipopasuliwa, na kumburutia paka uzi sakafuni ni kazi ya mtu anayeweza kuinama. Mjukuu wangu, msichana wa miaka 14, alikuwa shule ya bweni. Basi tukabaki wawili tunaochechemea chini ya paa moja, kila mmoja akimtazama mwenzake kana kwamba anamlaumu. Ndipo nilipoamua kwamba ikiwa mimi siwezi kuuvuta uzi, hapana budi itafutwe njia uzi ujivute wenyewe.

Sikuwa mgeni kabisa katika kazi ya namna hiyo. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mwaka 1970 na 1971, Elimu ya Kujitegemea ilikuwa bado changa. Mwalimu Nyerere aliitoa Machi 1967. Wakufunzi wetu walitukaririsha kwamba mwalimu asiyeweza kutengeneza zana kwa vitu vinavyopatikana mahali alipo ni nusu mwalimu. Tulifinyanga ramani za udongo, tulitengeneza mizani kwa vifuu vya nazi, tulihesabisha watoto kwa vizibo vya soda. Katika mtihani wa zana nilipata alama za juu. Likumbuke jambo hilo, msomaji, kwa sababu litanisuta mbele ya safari.

Nilikwenda kwa fundi redio nikanunua, kwa bei ndogo sana, mota iliyotoka katika redio kaseti ya zamani. Mota ya namna hiyo huzunguka mara 2,000 na zaidi kwa dakika moja, na hakuna paka anayeweza kucheza na kitu kinachokwenda kasi hiyo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kupunguza mwendo. Nilichukua mpira mwembamba wa kufungia noti, nikauzungusha kwenye ncha ya mota na kwenye mfuniko wa kopo la maziwa ya unga. Katikati ya mfuniko nilipitisha spoku ya baiskeli. Spoku ile nayo, kwa mpira mwingine, ikauzungusha mfuniko wa pili. Kila kitu kidogo kinapozungusha kikubwa, mwendo hupungua na nguvu huongezeka. Mwendesha baiskeli yeyote anayepanda mlima analijua hilo hata kama hajaingia darasani. Mfuniko wa mwisho ukawa unazunguka taratibu, mzunguko mmoja kwa muda wa sekunde 10 hivi.

Kwenye spoku ya mwisho nilipachika gurudumu nililolikata katika soli ya kandambili. Sikulikata likawa duara kamili, bali niliacha nundu tatu ukingoni. Juu yake nililaza kijiti cha mwanzi kilichoegemea msumari katikati, mfano wa ubao wa pembea wa watoto: nundu ikipita chini ya ncha moja huiinua, na ncha ya pili hushuka. Kwenye ncha hiyo ya pili nilifunga uzi, na kwenye uzi unyoya wa jogoo. Mambo yote hayo niliyafunika kwa boksi la viatu lenye tundu, hata ikawa kinachoonekana ni unyoya tu, unachungulia, unarudi ndani, unachungulia tena. Betri 4 za tochi zilitosha.

Siku ya kwanza ilikuwa sikukuu. Chausiku aliinama, masikio mbele, ncha ya mkia ikitikisika, kisha akaruka kwa miguu yote minne, ule mbovu ukiwemo. Nilipiga makofi peke yangu sebuleni. Siku ya pili aliruka. Siku ya tatu alikaa mbali akatazama. Siku ya nne alipanda juu ya boksi akalala, akausikiliza mvumo wa mota kama mtu anayesikiliza mahubiri aliyokwisha kuyasikia.

Nilidhani amechoka kwa ugonjwa. Kumbe aliyekosea ni mimi. Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati. Katika kisiwa cha Cyprus wachimbaji wa mambo ya kale walifukua kaburi la mtu aliyezikwa na paka pembeni yake miaka kama 9,500 iliyopita, na habari hiyo ilitangazwa mwaka 2004. Hakuletwa kwa kamba kama ng'ombe. Wataalamu wengi wanaona kwamba alijileta mwenyewe, kwa kuwa penye ghala la nafaka pana panya. Wahenga wetu walisema paka wa nyumba haingwa, nao walijua kwamba mwindaji huyo anakaa nasi kwa hiari yake. Kwake yeye mchezo ni uwindaji. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walieleza kwamba paka akiletewa kitu kilekile mara kwa mara hukichoka upesi, na kitu kikibadilishwa hata kidogo tu, hamu yake humrudia. Panya wa kweli hachungulii tundu kwa saa ya ukutani.

Hata watu wa mbali wamelishughulikia jambo hili. Mwaka 1995 watu wawili nchini Marekani walipewa hataza ya njia ya kumfanyisha paka mazoezi kwa kumkimbizia nukta ya mwanga wa leza. Nilipoisoma habari hiyo nilijiona si mwendawazimu pekee duniani. Lakini siri ya nukta ile ni mkono wa mtu anayeishika, ambao haurudii mwendo wake. Mimi nilitaka chombo kisicho na mkono.

Nikiwa nimekwama hivyo, mjukuu wangu alifika likizo. Alinisomea habari kutoka katika simu yake, nami nikaziandika katika daftari kama zamani. Ndivyo nilivyojua kwamba watu wenye kichaa kama changu ni ukoo mkubwa na wa siku nyingi.

Katika karne ya 1 baada ya Kristo, mjini Alexandria, Misri, alikuwapo mtu aitwaye Heron. Alieleza jinsi ya kutengeneza ndege wa bandia wanaolia kwa nguvu ya maji na hewa, kisha wakanyamaza bundi anapowageukia. Alieleza pia kigari kinachojiendesha. Ndani yake mliwekwa uzito juu ya punje za nafaka. Punje zilipovuja polepole, uzito ulishuka ukavuta kamba iliyoviringishwa kwenye ekseli. Kwa kuiviringisha kamba upande huu kisha upande ule kwa kutumia vigingi, fundi aliamua mapema kigari kiende mbele wapi na kirudi nyuma wapi. Ni kusema kwamba amri ya safari nzima ilikwisha kuandikwa, ila kwa kamba badala ya wino.

Karne ya 9 tunawakuta Baghdad ndugu watatu, wana wa Musa bin Shakir. Karibu mwaka 850 waliandika kitabu chenye vyombo kama 100, vingi vikiwa vya kushangaza wageni: mitungi inayomimina itakavyo yenyewe na chemchemi zinazobadili umbo. Baada yao, katika mji unaoitwa leo Diyarbakir, nchini Uturuki, akaja al-Jazari, fundi wa watawala wa ukoo wa Artuq. Kitabu chake kilikamilika mwaka 1206, nacho kina vyombo 50. Kuna saa iliyopandishwa juu ya tembo, kuna mitambo ya kuinulia maji, na kuna mashua ya kuelea bwawani yenye wanamuziki wanne wa bandia. Ndani ya mashua hiyo maji yalizungusha mhimili wenye vigingi. Kila kigingi kilipopita kilibonyeza wenzo, na mkono wa mpiga ngoma ukainuka ukashuka. Aliyepanga vigingi ndiye aliyepanga mdundo.

Nilipouona mchoro wa mhimili ule nilinyamaza kwa muda. Ilikuwa kandambili yangu.

Lakini kilichonishika zaidi ni majina ya vitabu hivyo. Kile cha wana wa Musa kinaitwa Kitab al-Hiyal, na katika jina la kile cha al-Jazari mna maneno al-hiyal al-handasiyya. Neno hiyal ni wingi wa hila. Ni hila hii hii tuliyonayo sisi katika Kiswahili. Na handasa ndiyo iliyotupa uhandisi. Kwa mafundi wale, hila ilikuwa elimu kamili: ujuzi wa kulifanya jambo gumu litendeke kwa njia ya werevu. Sisi watu wa pwani tulilipokea neno, lakini midomoni mwetu limebakia na maana ya ujanja na udanganyifu. Mtoto mwenye hila kwetu ni mtoto wa kuadhibiwa.

Nitasema mengine kwa ufupi. Ufaransa, mwaka 1738, Jacques de Vaucanson aliwaonyesha watu wa Paris sanamu ya mpiga filimbi aliyepuliza filimbi ya kweli kwa pumzi na kwa vidole. Baadaye kidogo akaonyesha bata wa shaba aliyepiga mbawa, akala nafaka na kunya. Kunya kwenyewe kulikuja kugundulika kuwa ni ulaghai, maana kinyesi kiliwekwa tayari mahali pake. Hapo hila ya kwanza na hila ya pili zilikutana katika tumbo la bata mmoja. Uswisi nako, mwaka 1774, akina Jaquet-Droz walimwonyesha mtoto wa bandia anayechovya kalamu na kuandika. Yuko hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Neuchâtel.

Mwalimu wa historia lazima aulize: na ikawaje baadaye? Mwaka 1741 serikali ya Ufaransa ilimfanya Vaucanson kuwa mkaguzi wa viwanda vya hariri. Alichojifunza kwa mpiga filimbi na bata akakipeleka kwenye ufumaji, na mwaka 1745 akatengeneza mtambo wa kufuma unaojiendesha. Wafumaji wa Lyon hawakumpenda, maana waliiona riziki yao inaondoka. Joseph-Marie Jacquard aliuendeleza mtambo huo, na mwaka 1804 akatoa wake ulioongozwa na kadi zenye matundu. Wazo la kadi lilichukuliwa na Charles Babbage, Mwingereza, katika miaka ya 1830 alipobuni mashine ya hesabu. Na Herman Hollerith akatumia kadi zenye matundu kuhesabu matokeo ya sensa ya Marekani ya mwaka 1890. Kutoka hapo njia inakwenda moja kwa moja hadi kwenye kompyuta. Kwa maneno mengine, mchezo ulitangulia, kiwanda kikafuata. Bata alikuwa mwalimu wa kitanda cha mfumi.

Jambo moja la ujana wa Vaucanson lilinifanya nimwombe mjukuu alisome mara ya pili. Inasimuliwa kwamba alipokuwa kijana katika nyumba ya watawa mjini Lyon alitengeneza sanamu za kuhudumia mezani, na mkubwa mmoja, akiona kuwa mambo hayo hayamfai mtu wa dini, akaamuru karakana yake ivunjwe. Mjukuu wangu alisema, "Huyo mkubwa alikuwa mjinga, babu." Sikujibu. Nilikuwa namfahamu mkubwa huyo vizuri sana.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu wa miaka 34 katika shule moja ya kijijini. Ulikuwa mwaka wa dhiki; sabuni na sukari zilikuwa za kupangia foleni. Siku hiyo nilikuwa nafundisha darasa la sita sababu za ukoloni, nami nilikuwa nimefika kwenye Mapinduzi ya Viwanda: mashine za kusokota, mashine za kufuma, Waingereza kutafuta malighafi na masoko. Niliyaandika ubaoni yote kwa mpangilio, na watoto wakayanakili. Nyuma ya darasa nikasikia kitu kinakwaruza.

Mvulana mmoja alikuwa anasukuma kitu chini ya dawati. Nilikitwaa. Ilikuwa baiskeli ya waya, na juu yake mtu wa waya. Magurudumu yalikatwa katika kandambili. Gurudumu la nyuma lilipozunguka, miguu ya yule mtu ilipiga pedali, kama tulivyozoea kuona kwa watoto wengi. Lakini huyu alikuwa amefanya zaidi. Pembeni ya gurudumu alipachika kipande cha soli kisicho duara, na juu yake waya mwembamba uliopanda hadi shingoni kwa yule mtu; kwa hiyo kila baada ya mzunguko kichwa kiligeuka kutazama nyuma, kama mwendesha baiskeli anayesikia lori. Nililiona jambo hilo. Siwezi kusema kwamba sikuliona.

Siku mbili kabla, seng'enge ya bustani ya shule ilikuwa imekatwa na kuibwa. Nikauliza, "Waya umeutoa wapi?" Akanyamaza, kama wanavyonyamaza watoto wakiulizwa kwa sauti ile. Nikasema mbele ya darasa, "Acha hila zako!" Nikaiweka baiskeli sakafuni, nikaikanyaga, kisha nikaagiza itupwe shimoni. Halafu nikarudi ubaoni kuendelea na Mapinduzi ya Viwanda.

Kesho yake asubuhi bibi yake alikuja ofisini. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwalimu." Alikataa kiti. Alifungua khanga akatoa mviringo wa waya mwembamba wenye kutu, akauweka juu ya meza yangu. "Huu ndio uliobaki, mwalimu," alisema. "Ni wa banda langu la kuku lililoanguka. Nimeona nikuletee uulinganishe na wa shule."

Hapakuwa na haja ya kulinganisha. Seng'enge ya shule ilikuwa nene na yenye miba, na hata kipofu angeitambua kwa vidole. Nilimwambia kwamba nimesikia, na kwamba nitalishughulikia. Akaaga akaondoka. Sikulishughulikia. Mwalimu mkuu wa siku zile hakuwa na desturi ya kumtaka radhi mtoto, na mimi sikuwa na moyo wa kuianzisha desturi hiyo. Kijana alimaliza darasa la saba mwaka uliofuata. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, naye hakuwa miongoni mwa waliochaguliwa. Kwa muda wote uliobaki sikumwona tena na kitu cha waya mkononi.

Narudi kwa paka. Kwa kuwa kosa la chombo changu lilikuwa kujirudia, nililitafutia dawa katika hesabu za darasa la tano. Katika redio ileile nilipata gia mbili za plastiki. Nikahesabu meno, moja ilikuwa na 25 na nyingine 36. Namba hizo hazina kigawo cha shirika isipokuwa 1, na kigawe chao kidogo cha shirika ni 900. Nikapachika gurudumu lenye nundu kwenye kila gia, yote mawili yakiinua kijiti kimoja. Gia ndogo ilipaswa kuzunguka mara 36 na kubwa mara 25 kabla mpangilio haujarudi ulipoanzia, yaani dakika 6 hivi. Niliona fahari kubwa. Miaka yote nilifundisha K.D.S. bila kumwonyesha mtoto hata mmoja inatumika kufanyia nini.

Chausiku aliuchezea mpangilio huo kwa siku nane. Ya tisa akapanda juu ya boksi akalala.

Jioni ile mjukuu wangu alilifungua boksi. Bila kuniomba ruhusa alichukua mkasi wangu, akakata kipande cha kopo, na akaanza kuukata waya uliokuwa ukitoka kwenye betri. Kazi yangu ya mwezi mzima! Maneno yalikwisha nifika kwenye meno; nayo, msomaji, yalikuwa ni yale yale matatu ya mwaka 1984 na moja la nyongeza. Niliyameza. Nikamuuliza tu, "Unataka kufanya nini, mama?"

"Babu," alisema, "wewe umemfanya panya asiyejua kama kuna paka."

Alichofanya ni hiki. Njia ya umeme aliikata, akazipachika hapo bati mbili ndogo zinazogusana. Moja aliifunga kwenye uzi wa unyoya. Paka akiukamata unyoya na kuuvuta, bati huachana, mota husimama, na uzi hulegea kama panya aliyekufa. Paka akiuachia ili autazame vizuri, kipande cha mpira huzirudisha bati pamoja, mota huamka, na unyoya hukimbilia tundu. Hapo ndipo paka huchachamaa. Tangu siku hiyo hakuna mpangilio, kwa sababu nusu ya mpangilio anautoa paka mwenyewe.

Baadaye tulisoma kwamba njia hiyo nayo ina wazee wake. Mjini Bristol, Uingereza, mwaka 1948 na 1949, mtaalamu wa ubongo William Grey Walter alitengeneza kobe wawili wa mashine, akawaita Elmer na Elsie. Walikuwa na jicho la kuhisi mwanga na gamba la kuhisi mguso. Hawakuwa na vigingi vya kuwaamuru waende wapi. Walitafuta mwanga, wakigonga kitu walijitoa na kujaribu upande mwingine. Waliowatazama waliwaona kama viumbe hai. Vyombo vya al-Jazari na Vaucanson vilikuwa vinasema tu. Vya Grey Walter vilianza kusikia.

Nimefikiri sana juu ya tofauti hiyo, maana mimi nilikuwa mwalimu wa aina ya kwanza. Nilikuwa na nundu zangu, nilizipanga vizuri, na kila mwaka zilipita zilipopita mwaka wa nyuma. Watoto walikariri, mkaguzi alisifu. Siku mtoto mmoja alipouvuta uzi, sikuwa na bati za kuachana. Nilimwangukia kwa uzito wangu wote. Naye alikuwa ameshika mkononi, kwa waya wa banda la kuku, lile lile nililokuwa naliandika ubaoni: jinsi mzunguko unavyogeuzwa kuwa kazi. Nilizivunja historia na zana kwa kisigino kimoja, mimi niliyepata alama za juu katika mtihani wa zana.

Mwaka 2004 basi nililopanda kwenda Korogwe liliharibika njiani, ekzosi ikaanguka. Mtu mmoja alitoka chini ya basi, nguo zimejaa grisi, akanitazama akasema, "Shikamoo, mwalimu." Nilimtambua kwa macho. Alikuwa fundi, naye alikuwa akisafiri na basi lile. Alinieleza habari za watoto wake wawili, akaniuliza habari za shule. Kisha akaomba waya kwa dereva, akarudi chini, akaifunga ekzosi, tukaondoka. Tulipofika stendi alinishushia mzigo wangu. Hakuligusia lile jambo, wala mimi. Nilijiambia kwamba amelisahau. Leo sina hakika kama nilijiambia ukweli.

Mguu wa Chausiku umepona, na usiku amerudi juu ya mapaa. Boksi liko pembeni mwa sebule. Mchana huligusa kwa mkono wake, akasubiri lijibu. Jirani yangu naye siku hizi haniulizi tena ni zana ya somo gani.

Wazee walisema maji yakimwagika hayazoleki, nami siandiki ili kuyazoa. Sikutaja jina la kijana yule wala la shule, kwa sababu aibu si yake. Lakini kosa lililotendwa mbele ya darasa si haki kutubiwa chumbani. Kwa hiyo nasema hapa, katika kitabu, yale ambayo nilipaswa kuwaambia wanafunzi wa darasa la sita asubuhi ile bibi alipotoka ofisini kwangu: waya haukuwa wa shule, mwenzenu hakuiba, na alichokitengeneza kilikuwa hila kwa maana yake ya kwanza na iliyo bora. Mwalimu alikosa.